Ampli ya Kumuita Amani

Nsimire mwanangu, mama yangu mudogo,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na ninawajua: mukianza wimbo wa kwanza hautarudi mbio. Basi niko na nafasi. Mambo ya chaji ya telefone, ya kitenge cha kujifunika, ya kutokula chakula cha mutu usiyemujua ndani ya boti, yote nimekwisha kuyasema mpaka ukaniambia, "Mama, weka mikro chini." Nimeweka. Sasa nimeshika kalamu, na kalamu hautaikata maneno.

Nataka tuongee juu ya ampli, ile mashine yetu ya kukuza sauti. Usigeuze macho namna ile yako! Ninajua unaichukia. Tangu udogo wako uliiita "yaya mukubwa", kama ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, kwa sababu ilikuwa na chumba chake na wewe ulilala kitanda kimoja na mimi. Nyumba ya mbao, vyumba viwili, na kimoja ni cha ampli. Wageni walicheka. Mimi nilikukaripia. Leo muchana nimekaa mule ndani peke yangu, kati ya zile chuma, nikaona kwamba mutoto hakukosea.

Hadithi yake unaijua vipande vipande. Acha nikupe yote, halafu uende nayo.

Papa yako alikuwa fundi wa sauti wa parokia. Mutu mupole, lakini ukimutajia lampe anasahau hata njaa. Si lampe za kuangaza nyumba. Lampe za emeteri, zile chupa kubwa za kioo ambazo zamani zilisukuma sauti ya radio kutoka mulima mumoja mpaka inchi nyingine. Mbili alizikuta muji wa Kiwanja, sokoni, kwenye meza ya mama muuza mandazi. Yule mama alizisimamisha mbele ya mandazi yake kwa uzuri tu, akidhani ni taa za altare. Papa yako akazifunga ndani ya sweta yake, akashuka nazo Goma juu ya kamyo ya makabichi, akitetemeka kwa baridi na sweta iko mapajani.

Alipoingia hata hakunisalimia. "Mama Amani, ona! Hizi zinaweza kuongea na muji muzima."

Nikamwambia, "Na muji muzima unataka kusikia nini kutoka kwako?"

Tulicheka mpaka yaya yako Amani naye akacheka bila kujua sababu. Alikuwa amekaa chini na kigari chake cha waya, meno ya mbele yameng'oka. Wewe ulikuwa ndani ya tumbo langu, hata sijaanza kuonekana vizuri.

Sasa sikia jambo moja la kazi ile. Lampe ya emeteri haitaki kuran kidogo, umeme wa kuwasha taa tu. Inataka kuran kali, ile inayoua mutu mbele ya kusema "ee". Na mbaya zaidi ni kondansateri, vile vikopo vya kutunza kuran: unazima ampli, unachomoa waya, kila kitu kimenyamaza, kumbe kuran bado imelala mule inakungoja. Ndiyo maana mafundi wana sheria yao: ukiingiza mukono ndani ya ampli, mukono wa pili unakaa mufukoni. Mukono mumoja ukiguswa, utaungua. Mikono miwili ikiguswa, kuran inapita katikati, na katikati ndipo uko moyo. Papa yako alinifundisha vile siku ya kwanza nilipomusaidia, akanishonea mufuko kwenye blauzi kwa mikono yake. Mushono mubaya kabisa, nilivaa vile vile.

Halafu mulima ukapasuka.

Unajua watu wa Goma wanavyosema "volkani", kama jina la jirani mugomvi. Wakati ule muji ulikuwa mikononi mwa waasi, hakuna aliyekuwa akiamini tangazo la mutu yeyote, na watu wengi walitoka wakati moto umekwisha kuingia kwenye barabara. Sisi pia. Mimi nilibeba godoro kichwani na furushi mugongoni. Papa yako aliingia ndani, akatoka na lampe mbili, moja kila mukono, amezishika kifuani. Sikumukataza. Nilikuwa ninajua ni kazi yake yote ile. Nikamugeukia Amani, nikamwambia, "Shika koti ya papa. Usiachilie."

Tulienda vile mpaka baryeri ya mupaka, ya kuingia Gisenyi, inchi ya jirani. Nsimire, watu walikuwa wengi, mutu anainuliwa miguu haigusi chini. Tulipofika upande wa pili, papa yako aligeuka. Koti ilikuwa pale. Mutoto hakuwa.

Nimekaa na neno lile miaka yote hii: shika koti. Mutoto anaweza kushika koti, lakini koti haimushiki mutoto. Ningeweka godoro chini. Godoro! Tulilala juu ya lile godoro usiku ule, mimi na papa yako, na sisi hatukulala.

Wewe ulikuwa unamucheka papa yako kwa sababu alibeba sahani kwa mukono mumoja, mboga ya sombe inamwagika, unasema, "Papa, hapa hakuna kuran!" Naye anacheka na wewe. Ulidhani ni sheria ya mafundi. Haikuwa ile. Tangu baryeri, hakubeba tena kitu kwa mikono miwili. Hata wewe ulipozaliwa alikupokea kwa mukono mumoja, mwingine ukabaki wazi pembeni, vidole vimefunguka kidogo. Mama wa maternite alimupigia kelele. Mimi nilijua ule mukono unangoja nani.

Tulimutafuta Amani. Kwenye makanisa ya Gisenyi, kwenye shule, kwenye hema za musaada, kambi ya Mugunga, njia yote ya Sake. Tuliita kwa mudomo mpaka papa yako akabaki bila sauti. Ndipo akasema, "Lampe zipo." Maneno mawili tu, na mara ya kwanza tangu tumupoteze nikaona uso wake umekuwa na kitu cha kufanya.

Ampli ile aliijenga kwa kuita mutoto, si kwa muziki. Nataka ujue hilo. Sanduku alilikata kwenye bati la mapipa ya mafuta, kondansateri alizitoa kwenye mashine zilizoungua na volkani, oparleri, ile spika ya mudomo mupana, parokia ilimuazima na haikuomba irudishwe. Transfo, ile transfoma, ilikuwa kazi yangu. Kuzungusha waya mwembamba wa shaba, mustari juu ya mustari, karatasi katikati, halafu kumwagia nta ya mishumaa. Lazima uhesabu mizunguko, na mimi hesabu kubwa inanikimbia, basi nilihesabu kwa rozari. Kila muzunguko, Salamu Maria moja. Papa yako alijua rozari ngapi zinatosha.

Transfo ya lampe mbili iko na pande mbili, na zinapaswa kulingana. Upande wa kwanza nilifanya vizuri. Upande wa pili, masasi ya bunduki yalianza kulia karibu na kartye yetu, na mimi nikaanza kuongeza. Salamu moja ya waya, moja ya Amani. Moja ya waya, moja ya Amani. Lakini mukono haukujua tofauti, ukaendelea kuzungusha kwa zote. Papa yako alipowasha, ampli ikanguruma: mmmmmm, chini chini, kabla ya mutu kusema neno. Akapima, akaona upande wa pili uko na waya mwingi.

Nikasema, "Nitafungua nianze upya."

Akaweka mukono wake juu ya transfo, ingali moto. "Wacha. Ni Salamu zako. Mutoto atazisikia kwanza."

Kwa hiyo ule mungurumo uliokuwa unakulaza, ule uliosema ni paka wa chuma, ni Salamu Maria zilizozidi. Hakuna fundi mwingine wa Goma anayeweza kuwa na kosa kama lile, na mimi sikulionea haya.

Tukapandisha ampli kwenye kamyo na gurupe ya mafuta ya kutoa umeme, tukaenda Mugunga. Watu walikuwa wamejazana pale kama maharagi kwenye bakuli. Papa yako akashika mikro, lampe zinawaka kama jua dogo, akaita: "Amani! Amani!"

Yo, mwanangu. Kambi nzima ikajibu. "Amani! Amaniiii!" Wanawake wanapiga makofi, wazee wanainua fimbo, vijana wakaanza wimbo. Walidhani tumekuja kuomba vita viishe. Papa yako anapunga mukono, "Hapana, ni mutoto wangu, mutoto wangu!" na wao wanazidi, maana nani hana mutoto? Wakaja na vijana watano, sita, wote wanaitwa Amani, kila mumoja anafuatana na mutu mwenye matumaini. Niliwaangalia mumoja mumoja kwenye meno. Hakuna hata mumoja alikuwa wangu.

Tuliporudi mujini na kuita, waasi wakaja na jeep. Mukubwa wao akauliza, "Nani amewapa ruhusa ya kudai amani hapa?"

Papa yako akajibu, "Sidai, afande. Ninamuita."

Walikaa naye siku kadhaa. Sitaandika walivyomufanya. Siku walipomuachilia walisema anaweza kuendelea kuita, lakini si lile jina. Aite jina la ubatizo. Basi tukaita "Deogratias" mulimani na ziwani, kwa nguvu zote za lampe za emeteri. Mutoto wa miaka sita, aliyeitwa Amani asubuhi na jioni, hakujua hata kidogo kwamba yeye ni Deogratias. Papa yako alijua. Mimi nilijua. Tuliita vile vile, kwa sababu kunyamaza kulituumiza zaidi. Angeweza kuwa amesimama pale mbele yetu, akisikitikia mutoto wa watu aliyepotea.

Baadaye wale waliondoka, wengine wakaja, tukarudi kwenye Amani. Na papa yako akajifunza kitu ambacho mimi nilichelewa kukijifunza. Akiita mara moja, anazima. Kabisa. Anatoa mikro mudomoni, anafunga macho, anasikiliza. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Mama Amani, ampli haina masikio. Kama alijibu wakati sisi tunaita, nani alimusikia?" Tangu pale, kuita kulikuwa kufupi na kusikiliza kulikuwa kurefu. Wewe ulikuwa unakaa mugongoni mwangu, ukisikiliza na sisi, na hukuwa hata unajua tunasikiliza nini.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa darasa la pili. Ninapika, wewe unachambua maharagi, ukaniuliza, "Mama, mimi nikipotea mutaniita na nini?"

Nikakujibu bila kugeuka, "Wewe hautapotea. Uko hapa."

Nilidhani nimekujibu vizuri. Siku chache baada ya pale ukatoweka. Muchana mpaka jioni. Majirani walitoka na tochi, mimi ninaita kwa mudomo, sauti inakatika. Papa yako akaingia katika chumba cha ampli, akaweka mukono kwenye swichi. Na mimi, mama yako, niliyekubeba tumboni wakati moto unakuja nyuma yetu, nikasimama mulangoni nikamupigia kelele: "Usiwashe! Zile lampe ni za Amani!"

Hakuwasha. Akatoa mukono kwenye swichi, akatoka kukutafuta.

Wewe ulikuwa ndani ya shimo la mawe ya volkani, nyuma ya nyumba. Papa yako ndiye alikuona. Nikakuuliza ulikuwa unafanya nini, ukasema, "Nilingoja ampli." Nikakupiga kofi. Nilikupiga kwa nguvu, Nsimire, mbele ya watu, na wewe hukulia.

Sijakuuliza hata siku moja kama ulisikia nilichosema mulangoni. Shimo lile liko karibu na dirisha la chumba cha ampli. Leo nimeenda kusimama pale, nikaacha radio ndogo ikiongea chumbani. Nimesikia kila neno.

Sina la kujitetea. Lampe za namna ile zina uzima wao: kila ukiziwasha unakula sehemu, na siku moja hazitoi tena sauti. Mimi nilikuwa ninazitunzia mutoto ambaye hayupo. Sisemi Amani amekufa. Sijui. Lakini ile "sijui" nimeilisha kuliko nilivyokulisha wewe. Ulipoanza kazi ya sauti na zile ampli zako nyepesi za siku hizi, ukasema mbele ya papa yako lampe ni vitu vya makumbusho, nilikasirika siku tatu. Kumbe ulikuwa mutoto anayejenga ampli yake mwenyewe, kwa sababu nyumbani hawakuiwasha kwa ajili yake.

Volkani ya pili unaikumbuka kuliko mimi. Ardhi ilivyotetemeka na kutetemeka, na lampe moja ikaruka kwenye kiti chake ikavunjika. Papa yako, akiwa amekwisha kuanza kuugua, aliokota vioo kwa mukono mumoja. Mbele ya kufa aliniambia, "Ile imebaki usiiwashe bure. Mutu akija kusema amemuona fasi fulani, uko na kitu cha kumuita." Nikaapa. Nimeifunga ndani ya ile sweta ya Kiwanja mpaka leo. Waasi wameingia tena, masasi yamepita juu ya bati, banki zimefungwa, wenzako wametawanyika, na mimi ninaangalia kama sweta iko salama.

Sasa wewe unaenda. Ninaelewa, hapa hakuna tena kazi ya kijana. Bukavu kwa mama mukubwa, halafu mbele zaidi, hata wewe hujui wapi. Wiki hii yote nimekuwa mukali, nimekugombeza kwa sababu ya chumvi, ya viatu, ya mulango. Nisamehe. Nilikuwa ninatafuta namna ya kushika kitu ambacho si koti.

Ushauri sina mwingi. Ukiwa fasi ya hatari, mukono mumoja mufukoni, lakini usiufanye moyo wako vile. Papa yako alimaliza maisha na mukono mumoja mutupu, na wewe ulikuwa pale, mukono wako mudogo ungeingia mule vizuri. Hakuna aliyekuambia uingize. Na ukimuita mutu unayemupenda, zima halafu sikiliza. Hayo mawili tu nimeyalipia bei kubwa, mengine utajifunza mwenyewe.

Nikuambie nilichofanya leo wakati hauko. Nimeshusha oparleri mpaka kwenye mawe ya Keshero, chini ya nyumba, nimegeuza mudomo wake ziwani. Gurupe ya parokia iko pale na mafuta yake. Nimefungua sweta. Lampe nimeiweka kwenye kiti chake, mukono mumoja mufukoni, usicheke. Kwa lampe moja, sauti itakuwa na mikwaruzo, na uzi wake umechoka sana. Itawaka mara moja. Nikiwa na bahati, dakika chache. Haitawaka tena.

Boti yako itapita mbele ya Keshero asubuhi. Simama upande wa kuume. Utasikia kwanza ule mungurumo, paka wako wa chuma, ndipo jina. Si lile lililozoeleka. Papa yako atanisamehe, na Amani naye kama yuko fasi anasikia, ni mukubwa sasa, ataelewa kwamba ni zamu ya mudogo wake. Hawa wenye silaha wakija kuniuliza nani amewasha kelele, nitawaambia ni mutoto wangu. Jina lako kwa Kishi chetu ni kushukuru tu. Sijui watanikamatia nini.

Nitaita, halafu nitazima. Na wewe jibu, mama. Jibu kwa sauti yako ya kawaida, usipige kelele, watu wa boti wasikuone wazimu. Ninajua maji ni mengi na sitasikia kitu. Nitakuwa nimezima tu, nimefunga macho, ninasikiliza mpaka boti ipotee.

Muji huu wote unaniita Mama Amani, na nitawaitikia mpaka nife. Lakini barua hii hawakuiandika wao.

Ni mimi,
Mama Nsimire